Pishi Moja kwa Mataifa: Habari za Kuwapima Bakteria Sugu

Mlipuko wa nne wa kipindupindu katika Tanzania ulianza mwaka wa 1977. Matabibu walikuwa na silaha mbili: maji ya chumvi ya kurudisha mwilini kile kilichomwagwa na maradhi, na dawa iitwayo tetrasaiklini. Dawa hii ilitumiwa kwa wingi. Walipewa wagonjwa, na walipewa pia watu wasio wagonjwa ili maradhi yasiwapate. Mwanzoni mwa mlipuko bakteria wote wa kipindupindu waliopimwa waliuawa na tetrasaiklini. Ilipotimia miezi mitano, bakteria 76 katika kila 100 waliopimwa walikuwa hawadhuriki nayo tena. Wataalamu watatu, Mhalu, Mmari na Ijumba, waliichapisha habari hiyo katika jarida la The Lancet mwaka wa 1979, na tangu hapo imetajwa na waandishi wa nchi nyingi kila wanapotaka kuonyesha jinsi dawa njema inavyoweza kupotea mikononi mwa watu katika muda usiofikia nusu mwaka.

Kila nisomapo habari hiyo huniijia swali jingine: walijuaje? Tabibu aliye mbele ya mgonjwa mmoja haoni usugu. Aona mtu aliyepewa dawa asipone, na sababu za mtu kutopona ni nyingi: pengine dawa ilichelewa, pengine mwili ulikuwa umechoka, pengine maradhi siyo yale yaliyodhaniwa. Ili mtu aseme kwamba ni bakteria waliobadilika, hana budi awe amewaotesha maabarani mwezi wa kwanza, akawaotesha mwezi wa pili na wa tatu, kwa njia ile ile, na kuandika daftarini kila alichokiona. Kama kazi hiyo isingefanywa, tetrasaiklini ingeendelea kugawiwa, na Tanzania isingetajwa na mtu kuwa ni nchi yenye kipindupindu sugu. Hapo ndipo penye jambo la ajabu katika historia hii ninayotaka kuieleza. Nchi ipimayo huonekana ina ugonjwa, na nchi isiyopima huonekana nzima.

Yafaa kwanza tueleze kwa ufupi usugu ni kitu gani. Antibiotiki ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaane. Bakteria nao huzaana upesi mno. Wako wanaogawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20 wakipata chakula na joto la kutosha. Katika wingi huo hutokea mmoja asiyedhurika na dawa. Dawa ikiwaua wenzake, nafasi yote huwa yake na ya wanawe. Wengi wetu tumeshiriki katika kazi hiyo bila kujua. Nakumbuka vidonge vya rangi mbili vilivyouzwa dukani kimoja kimoja, vikafungwa katika kipande cha gazeti. Mnunuzi alimeza viwili, akajiona nafuu, akaviweka vilivyobaki kwa homa ya mwaka ujao.

Jambo hili lilijulikana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka wa 1928, lakini ilikaa miaka zaidi ya kumi kabla ya Florey, Chain na wenzao wa Oxford kuifanya kuwa dawa. Mnamo Desemba 1940 Abraham na Chain walitangaza kwamba wako bakteria wenye kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Mgonjwa wao mashuhuri, askari polisi wa Oxford, alidungwa dawa hiyo Februari 1941. Maana yake, ngao ya adui ilionekana kabla ya upanga kuchomolewa. Fleming mwenyewe, alipokuwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945, alisimulia kisa cha kubuni cha mtu aliyeumwa koo, akatumia penisilini kidogo isiyotosha, akamwambukiza mkewe bakteria waliokwisha kuwa sugu, na mke akafa.

Lakini kuonya si kuhesabu. Miongoni mwa watu wa kwanza kuhesabu alikuwa mwanamke, Mary Barber, wa hospitali ya Hammersmith mjini London. Alikusanya bakteria wa majipu na vidonda waitwao stafilokoki, akawapima kwa penisilini mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa 1946 waliokuwa sugu walikuwa kama 14 katika kila 100; mwaka wa 1947 walikuwa 38; mwaka wa 1948 walikuwa 59. Tarakimu tatu tu, za hospitali moja, zilitosha kuonyesha njia jambo linakokwenda. Tena alionyesha kwamba si kila mgonjwa aliyejitengenezea usugu wake. Bakteria waliokwisha kuwa sugu walikuwa wakipita kutoka kitanda hata kitanda.

Kama usugu ungekuwa wakaa ndani ya ukoo mmoja wa bakteria, kila hospitali ingeweza kujihesabia yake na jambo likaishia hapo. Wajapani ndio waliobomoa tumaini hilo. Baada ya vita vya pili vya dunia Japani ilisumbuliwa sana na ugonjwa wa kuhara damu, na dawa za salfa zikatumiwa kwa wingi mpaka zikakosa nguvu. Mwaka wa 1955 mgonjwa mmoja aliyerudi kutoka Hong Kong alionekana na bakteria wa kuhara damu wasiodhurika na dawa nne kwa pamoja. Jambo hilo lilikuwa gumu kuelezwa. Kwamba bakteria mmoja aweza kubahatika kuishinda dawa moja, hilo laeleweka. Lakini kubahatika mara nne kwa wakati mmoja ni jambo lisiloaminika. Mwaka wa 1959 Ochiai na Akiba, kila mmoja na wenzake, walionyesha kwamba bakteria wa kawaida wakaao tumboni mwa mtu bila kumdhuru waliweza kuwapa bakteria wa kuhara damu usugu huo wote kwa mara moja, kwa kugusana tu. Tsutomu Watanabe wa Chuo Kikuu cha Keio aliikusanya elimu hiyo katika makala ndefu ya Kiingereza mwaka wa 1963, na hapo ndipo wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walipoanza kuiamini.

Msomaji aitazame maana ya ugunduzi huu. Usugu si mali ya ukoo, ni kama chombo kinachoazimwa na jirani. Waweza kutoka katika bakteria wa ndama, ukaingia katika bakteria wa tumboni mwa mchinjaji, ukasafiri naye bila yeye kuumwa siku moja, ukashuka katika nchi ya pili na kuingia katika bakteria wa homa ya matumbo. Baada ya 1963 hapakuwa na taifa lililoweza kusema kwa haki kwamba bakteria wa majirani hawalihusu.

Basi ikatakiwa mataifa yahesabu kwa pamoja. Tatizo lililotokea ni lile lile walilolijua wafanyabiashara wa nafaka katika pwani yetu. Pishi ni vibaba vinne. Lakini kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, si sawa na kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka nafaka ikawa inamwagika. Watu wawili waweza kusema wote wamepima pishi ya mtama, na wote wakawa wakweli, na mtama wao usilingane.

Upimaji wa bakteria ulikuwa hivyo hivyo. Hutwaliwa kisahani chenye rojo la mwani liitwalo agari, wakapakwa bakteria juu yake, kisha vikawekwa viduara vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa. Kisahani hulazwa usiku mmoja katika joto la mwili wa mtu. Kulipokucha bakteria wamefunika kisahani chote, ila pale dawa ilipowazuia huonekana duara tupu kuzunguka karatasi. Duara likiwa pana, dawa yafaa. Likiwa dogo au halipo, bakteria ni sugu. Kazi yaonekana rahisi. Hata hivyo, rojo likiwa nene kuliko desturi, duara hupungua. Bakteria wakipakwa wengi mno, duara hupungua. Karatasi ikilowa unyevu kabatini, dawa hufa na duara hupungua. Hivyo London yaweza kumwita sugu bakteria ambaye Stockholm yamwita dhaifu, na wala hapana aliyedanganya.

Kuanzia miaka ya 1960 Hans Ericsson wa Sweden na John Sherris wa Seattle, Marekani, waliongoza uchunguzi wa mataifa mbalimbali, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, wa kulinganisha njia za kupima; taarifa yao ilitoka mwaka wa 1971. Huko Seattle, Bauer, Kirby, Sherris na Turck walikuwa wamekwisha kuchapisha mwaka wa 1966 utaratibu mmoja uliopangwa hatua kwa hatua: chakula cha bakteria kiwe hiki, idadi yao iwe hii, karatasi iwe na dawa kiasi hiki, duara lipimwe kwa milimita. Jambo lililonipendeza zaidi katika habari hizi ni kwamba walichagua bakteria mmoja wa kuwa pishi yenyewe. Alitoka kwa mgonjwa huko Seattle mwaka wa 1946, akapewa nambari 25922 katika hifadhi ya Marekani, na wana wa wana wake wamegawiwa kwa maabara za dunia nzima. Mpimaji humpima huyu kwanza. Duara lake likitoka katika mipaka iliyoandikwa, basi kipimo cha siku hiyo hakifai, hata kama mgonjwa angojea.

Wakati pishi hiyo ilipokuwa bado yatengenezwa, Amerika ya Kati ilipata hasara kubwa kwa kutopima. Mnamo 1969 ugonjwa mkali wa kuhara damu ulienea katika Guatemala na nchi za jirani. Kwa kuwa dawa za kawaida hazikuwasaidia wagonjwa, matabibu walidhani kwamba maradhi hayatokani na bakteria, bali na amiba, wakatibu amiba. Kumbe walikuwa bakteria wa kuhara damu wa aina ya Shiga, na walikuwa sugu. Katika Guatemala peke yake inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 10,000 walikufa. Kosa hili si la ujinga wa matabibu. Walifikiri kama mtu mwenye akili angefikiri, kwamba dawa ya bakteria isipofaa basi hapana bakteria. Walichokosa ni kisahani na mtu wa kukisoma. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1972, Meksiko ilipata mlipuko wa homa ya matumbo isiyosikia kloramfenikoli, iliyokuwa dawa kuu ya maradhi hayo, na watu zaidi ya 10,000 waliugua.

Mwaka wa 1976 ikaja zamu ya kisonono. Marekani na Uingereza ziliona, karibu kwa wakati mmoja, bakteria wa kisonono wenye kimeng'enya cha kuharibu penisilini. Wagonjwa wa upande mmoja walihusishwa na Mashariki ya Mbali, na wa upande wa pili na Afrika ya Magharibi. Angalia jinsi habari ilivyoandikwa: bakteria walionekana California na Liverpool kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na wapimaji, lakini aibu ilirudishwa kule walikodhaniwa wametoka, ambako hapakuwa na mtu wa kukubali wala kukanusha kwa hesabu.

Miaka iliyofuata naipita upesi, maana ni habari za kamati na mashine. Mwaka wa 1989 Thomas O'Brien na John Stelling wa Boston walianza kutengeneza programu ya kompyuta iitwayo WHONET, ambayo maabara yoyote yaweza kuipata bure na kuandikia matokeo yake kwa mfumo mmoja. Imetumiwa katika nchi zaidi ya 100. Denmark ilianza mwaka wa 1995 kuhesabu usugu katika mifugo, nyama na watu kwa pamoja, jambo ambalo nchi nyingine zilichelewa kuliiga. Nchi za Ulaya ziliunganisha maabara zao tangu 1998. Shirika la Afya Duniani lilitoa mkakati wake wa dunia nzima wa kuzuia usugu tarehe 11 Septemba 2001, siku ambayo majumba mawili ya New York yaliangushwa, na gazeti gani siku hiyo lingeandika habari za bakteria?

Napenda nikae kidogo katika kisa cha Delhi, kwa sababu hakuna kisa kinachoonyesha vema zaidi taabu ya nchi kujulikana.

Mwishoni mwa 2007 mtu mmoja mwenye asili ya Kihindi aliyekaa Sweden alisafiri kwenda India, akaugua, akalazwa hospitali katika New Delhi. Aliporudi Sweden, Januari 2008, mkojo wake ulionekana una bakteria aitwaye klebsiela, ambaye hakudhurika na karibu dawa zote, hata zile za kundi la kabapenemu zinazowekwa akiba kwa wagonjwa walioshindikana. Wataalamu walikipata kimeng'enya kilichofanya kazi hiyo, kikiwa kipya kabisa. Kwa kufuata desturi ya elimu yao, walikipa jina la mahali: New Delhi, kwa ufupi NDM-1. Mwezi wa Agosti 2010 makala nyingine ilitangaza kwamba bakteria wenye kimeng'enya hicho wameonekana kwa wagonjwa 37 wa Uingereza, 44 wa Chennai, 26 wa Haryana, na 73 wa mahali pengine katika India na Pakistan. Baadhi ya wagonjwa wa Uingereza walikuwa wamekwenda India au Pakistan, na wako waliotibiwa huko. Waandishi wakaonya juu ya watu wanaosafiri kwenda kutafuta matibabu ya bei nafuu.

India ilikasirika. Serikali yake ilisema kwamba onyo hilo halina haki na kwamba jina limetiwa ili kuharibu sifa ya hospitali zinazopokea wageni. Wabunge walinena. Waliotetea jina walijibu kwamba kiko kimeng'enya cha namna hiyo kilichoitwa kwa jina la Verona, kingine kwa São Paulo, kingine kwa Seoul, na miji hiyo haikulalamika. Jibu hilo ni la kweli, na bado halitoshi. Verona ilipotajwa, habari ilibaki katika majarida ya wataalamu. Delhi ilipotajwa, habari iliingia katika magazeti ya dunia nzima, na pamoja nayo yakaingia mambo ya zamani ya mtawala na mtawaliwa, ya nani humwita nani mchafu. Mapema mwaka wa 2011 mhariri mkuu wa The Lancet, Richard Horton, alikiri akiwa Delhi kwamba jina hilo lilikuwa kosa, akaomba radhi.

Lakini bakteria hawakuomba radhi. Aprili 2011 watafiti walichapisha matokeo ya maji waliyoyachota Delhi: jeni ya NDM-1 ilionekana katika sampuli 2 kati ya 50 za maji ya bomba, na 51 kati ya 171 za maji yaliyotuama au kutiririka mitaani. Serikali ilipinga tena. Baadaye akiba ya bakteria wa hospitali za India iliyokuwa imehifadhiwa tangu 2006 ilipochunguzwa, kimeng'enya kilikuwamo tayari, miaka miwili kabla ya yule mgonjwa wa Sweden. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki, na wenye haki kubwa zaidi hawakuulizwa, nao ni wale waliokunywa maji yale. Ugomvi juu ya jina ulichukua nafasi ya ugomvi juu ya bomba. Hata hivyo, India haikuchagua kunyamaza moja kwa moja. Mwaka wa 2013 Baraza lake la Utafiti wa Tiba lilianzisha mtandao wa maabara za kufuatilia usugu, na 2017 ukatoka mpango wa taifa.

Somo la jina lilisikika. Mei 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba maradhi mapya ya binadamu yasipewe majina ya miji, nchi wala watu. Na ingawa mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili ya vimeng'enya, tofauti ilionekana mwaka ule ule. Novemba 2015 wataalamu wa China, katika ukaguzi wao wa kawaida wa bakteria wa mifugo, waligundua jeni inayowapa bakteria usugu wa kolistini, dawa ya mwisho kabisa, nayo yaweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Waliiita mcr-1, jina lisilo na mji ndani yake. China haikukana. Badala ya kugombana, nchi nyingine zilifungua makabati yao. Denmark ilikuwa imehifadhi ramani za urithi za bakteria kama 3,000. Haikuhitaji hata kuwaotesha upya, ilitafuta katika kompyuta, na mnamo Desemba ikatangaza kuwa jeni hiyo ilikuwa kwa mgonjwa mmoja, na katika sampuli tano za nyama ya kuku kutoka nje zilizokusanywa tangu 2012. China nayo ilipiga marufuku mwaka wa 2017 kuchanganya kolistini katika chakula cha mifugo kwa ajili ya kuwanenepesha.

Mwaka huo wa 2015 ndio pia uliozaliwa mpango wa kwanza wa kuhesabu usugu kwa mataifa yote, uitwao GLASS, chini ya Shirika la Afya Duniani. Nchi hujiunga kwa hiari, na kila moja hutuma hesabu zake zenyewe. Mwaka wa 2016 zilizotuma hesabu zilikuwa 25. Mwaka wa 2023 zilikuwa 104. Taarifa iliyotolewa Oktoba 2025 yasema kwamba katika maambukizo ya bakteria yaliyothibitishwa maabarani mwaka wa 2023, moja katika kila sita lilikuwa sugu. Kwa bara la Afrika, moja katika kila tano.

Hapo yatupasa kusoma kwa uangalifu. Moja katika kila tano ya nini? Ya waliopimwa. Na nani hupimwa? Katika nchi nyingi za bara letu sampuli ya damu hupelekwa maabarani baada ya dawa ya kwanza na ya pili kushindwa, na mgonjwa awe yuko katika hospitali kubwa mjini. Uchunguzi wa nchi 14 za Afrika uliotolewa mwaka wa 2022, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo, ulitazama maabara za tiba zipatazo 50,000, na ukakuta kwamba zilizoweza kupima bakteria zilikuwa asilimia 1.3 tu. Kwa hiyo hesabu yetu yaweza kuwa kubwa kuliko kweli, kwa sababu twapima walioshindikana. Au ndogo kuliko kweli, kwa sababu wengine huzikwa bila kupimwa. Mwaka huo huo wa 2022 The Lancet lilitoa makadirio kwamba watu milioni 1.27 walikufa mwaka wa 2019 kwa sababu ya usugu, na kwamba kiwango kikubwa kuliko vyote kilikuwa Afrika ya Magharibi. Tarakimu za sehemu hizo zilipatikana kwa kiasi kikubwa kwa hesabu za kukisia, zikijaza mahali ambapo madaftari hayapo. Mahali palipokadiriwa kuwa na vifo vingi ndipo mahali penye visahani vichache.

Kwamba kukisia huko si ndoto, tunao ushahidi wa karibu. Kati ya mwaka wa 2001 na 2002 watafiti wa Tanzania na Norway walipima damu ya watoto waliolazwa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kati ya watoto waliokuwa na malaria, walikufa kama 20 katika kila 100. Kati ya waliokuwa na bakteria katika damu, walikufa kama 35 katika kila 100, na waliopewa dawa ambayo bakteria wao walikuwa sugu kwayo walikufa zaidi ya wenzao. Malaria hupimwa kwa tone la damu na jibu hupatikana saa ile ile. Bakteria wa damu huhitaji chupa, joto, siku mbili au tatu, na mtu aliyefunzwa. Wazazi wa watoto hao wangeambiwa nini kama uchunguzi ule haukufanywa? Wangeambiwa ni homa.

Maabara za namna hiyo zaendeshwa kwa fedha, na fedha nyingi zilizoingia Afrika ya Mashariki kwa kazi hii katika miaka ya karibuni zilitoka nje. Mfuko mmoja mkubwa ulianzishwa na serikali ya Uingereza mwaka wa 2015, ukapewa jina la Fleming, yule yule aliyesimulia kisa cha mtu wa koo na mkewe. Ulitengewa pauni milioni 265, na Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi zilizofaidika. Julai 2025 serikali hiyo ilitangaza kwamba itaacha kuugharimia. Mashine zilizonunuliwa zimebaki, na waliofunzwa wako. Viduara vya karatasi havikai milele. Vina tarehe ya mwisho, na vikiisha hununuliwa vingine. Yule bakteria wa Seattle, mwenye nambari 25922, amelazwa katika majokofu ya baridi kali, na umeme ukikatika siku nyingi hufa. Naye akifa, hutafutwa mwingine na kulipiwa, ndipo mpimaji aweze tena kumwambia tabibu kwamba duara aliloliona asubuhi lina milimita ngapi.